Barua kwa mwanangu anayevuka kuja Unguja Kwaresima hii

Mwanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Umeniuliza kama ukianza kazi hotelini ufunge na wenzako Waislamu, na kama sisi Walutheri tunafunga kweli. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu si wewe peke yako unayeuliza.

Mwaka huu wa 2026 mambo yamekutana. Jumatano ya Majivu, inayofungua Kwaresima yetu, ni tarehe 18 Februari, na mwezi wa Ramadhani unaandama siku hizo hizo. Utakuta mchana mji umetulia, migahawa mingi imefungwa, na hakuna atakayekushangaa usipokula. Basi usile barabarani wala usinywe maji mbele ya aliyefunga. Hiyo ni heshima, na ni wajibu wako. Ila njaa ya kufuata mkumbo usiiite Kwaresima.

Ulifundishwa kipaimara. Katekisimo Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, inasema kufunga na kuuandaa mwili ni zoezi jema la nje, lakini anayestahili kweli kuijia Meza ya Bwana ni yule anayeamini kwamba mwili ule ulitolewa kwa ajili yake, na damu ile ikamwagika kwa ondoleo la dhambi. Kwa hiyo ruksa kufunga, na wengi wetu tunafunga. Lakini tumehesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani, kabla hata hatujaacha chai ya asubuhi. (Wanaotangaza mfungo wao kwenye status za WhatsApp sijui huwa wanaisoma wapi ile Mathayo 6, inayosema tufunge kwa siri.)

Usharika utaupenda. KKKT yenyewe, Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ilizaliwa 1963 kwa kuungana makanisa saba, na hapa kisiwani, chini ya Dayosisi ya Mashariki na Pwani, muungano huo unauona kwenye benchi moja: Mchaga, Mhaya, Mpare, Mnyakyusa, kila mtu na uimbaji wa kwao. Tukisimama kukiri Imani ya Mitume, tofauti hizo husahaulika. Kwaresima altare huvikwa zambarau, na jumuiyani tunasoma habari za mateso kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Kwetu mzee wa kanisa ana kawaida ya kuuliza, kabla ya sala ya mwisho, nani hasalimiani na nani. Kuna kina mama wawili walikuwa wamenuniana kwa deni la mchele. Walimalizana pale pale sebuleni, mmoja bado kakumbatia kitabu cha nyimbo, sisi wengine tumeinamisha macho kwenye vikombe. Maandalizi ndiyo hayo. Kuacha nyama ni rahisi zaidi.

Magharibi jirani atakuletea kaimati au muhogo wa nazi. Pokea, kula, hata kama ulikuwa umejiwekea kuacha vitamu. Sahani usiirudishe tupu.

Sasa sikia jambo moja. Idi itaingia Machi, wenzako watafungua, mji utarudi kula mchana, na wewe utakuwa bado na kama wiki mbili mpaka Pasaka, tarehe 5 Aprili. Mimi naziona hizo ndizo ngumu, maana hakuna mtu wa kufunga naye, na biriani la Idi linanukia mtaa mzima. Hapo ndipo jumuiya inapokufaa, usikose.

Na omba zamu zako za Alhamisi Kuu na Ijumaa Kuu mapema. Pasaka wageni ni wengi, na ukiomba ruhusa wiki yenyewe hupati.

Shangazi yako.