Hesabu sekunde, somo

Ngamiani, Tanga
22 Februari 2025

Somo yangu Zuhura,

Ujumbe wako wa sauti, kwamba kompyuta yako ya mezani inajizima yenyewe ikishawashwa, nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili kijana wangu akiwa pembeni anacheka jinsi ulivyoigiza mlio wa feni. Ningekupigia, lakini haya mambo ukielezwa kwa mdomo utayasahau ukishafungua ubavu wa mashine, na mikono itakuwa imejaa vumbi huwezi hata kushika simu. Basi nakuandikia, karatasi uiegemeze hapo hapo mezani.

Poleni na mvua za huko Mbeya. Huku kaskazi bado inatuchoma, feni ya dari inazungusha joto tu. Wazima wote, mama anakusalimu, anauliza lini unakuja.

Haya. Huyo fundi anayetaka kukubadilishia mazabodi, lile bamba kuu linalobeba vipande vyote vya ndani, usimpe laki na nusu yako. Bado.

Ya kwangu ilianza Januari, siku chache baada ya kuhamia huku Ngamiani. Nabonyeza kitufe, taa inawaka, feni inavuma, nembo ya Windows inatokea, vile vidoti vinaanza kuzunguka, halafu kimya. Haikuganda, wala haikuandika kosa lolote. Imezima tu, kama mtu aliyekatwa kauli. Na mtihani wa kidato cha pili umo humo ndani, Jumatatu unatakiwa kuchapwa.

Nikafanya kama kila mtu, nikausingizia umeme. Nikabadili ekstensheni, nikaondoa stabilaiza, nikaibeba hadi kwa jirani nikachomeka kwake. Yale yale. Kijana akachomoa ram, kile kijibamba cha kumbukumbu, akaisugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio, akairudisha. Yale yale. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Akaiwasha mara tatu, akatikisa kichwa: "Mama, mazabodi hii imekufa." Laki mbili na ishirini, tena ya mtumba. Nikamwuliza amejuaje. "Uzoefu." Nikarudi nayo kwenye bajaji nimeipakata.

Alfajiri, kabla sijaenda kazini, nikaijaribu tena kwa ubishi tu. Somo, ikafika hadi kwenye neno la siri! Nimeandika herufi mbili, ikazima. Nikawasha papo hapo, safari hii haikufika hata kwenye vidoti. Nikawasha tena, ikafa nembo haijatokea. Hapo nikachukua simu nikaanza kuipima. Jioni, ikiwa imepumzika mchana kutwa: sekunde 48. Kuiwasha hapo hapo: 19. Tena hapo hapo: 7. Nikaenda kupika, nikairudia baada ya saa nzima: 41.

Mazabodi iliyokufa haipumziki ikapata nafuu. Kinachojikusanya mashine ikiwa imewaka, kikaondoka taratibu ikiwa imezimwa, ni joto.

Kwa hiyo na wewe hesabu sekunde kabla hujagusa kitu. Pima asubuhi, pima mara tatu mfululizo, andika. Ikizima kila mara kwenye sekunde ya nne au ya tano, iwe ya moto iwe ya baridi, tazama kitufe cha kuwashia, maana ukikishikilia sekunde kama nne ndivyo mashine inavyolazimishwa kuzima, na kitufe kilichonasa ndani ni sawa na mtu anayekishikilia. Kama feni inashtuka tu ikazunguka nusu na kusimama, hapo shuku pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, au nati iliyodondoka chini ya mazabodi ikagusanisha vitu visivyotakiwa kugusana. Kama ya kwako inazima pale pale kwenye nembo, na sekunde hazibadiliki, fanya hivi: ukishawasha tu gongagonga kitufe cha Delete, utaingia kwenye ukurasa wa Bayosi, ule wa mipangilio. Uiache hapo. Ikikaa nusu saa bila kuzima, basi umeme na joto havina hatia, tatizo huenda liko kwenye Windows au kwenye diski. Ikizima hata humo, Windows haina kesi ya kujibu.

Ya kwangu ilizima humo humo, na nikaiona ikifa kwa macho yangu. Ndani ya Bayosi kuna sehemu inayoonyesha joto la prosesa, yaani ubongo wa mashine. Tulikaa mimi na kijana, yeye anasoma kwa sauti kama mtangazaji wa mpira: hamsini na nane, sitini na sita, sabini na tano, themanini na tatu, tisini na moja, tisini na saba... giza. Prosesa ikikaribia nyuzi mia inajitetea, inakata kila kitu ili isiungue. Fundi aliita kifo, kumbe ilikuwa inajiokoa.

Tukachomoa waya wa ukutani, tukabonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu ili umeme uliobaki uishe, tukailaza ubavu. Unaikumbuka ile feni ya Intel ya duara, imekaa juu ya bonge la aluminiamu lenye mapezi linalonyonya joto la prosesa, inashikwa na miguu minne ya plastiki? Kila mguu una kucha mbili nyeupe zinazopenya tundu la mazabodi, na kijiti cheusi katikati kinachozitanua zisichomoke. Kwa juu yote minne ilionekana sawa. Kijana akashika bonge akalitikisa. Likacheza! Tukamulika kwa tochi ya simu kwa nyuma ya mazabodi: matundu matatu yana kucha zimetanuka, la nne kucha zimechungulia nusu, zimebanana. Huo mguu haukushika. Upande mmoja wa bonge ulikuwa umeinuka, labda unene wa ukucha, na feni ilikuwa inapuliza aluminiamu iliyopoa huku prosesa inaungua chini yake. Ndiyo maana feni ilivuma vizuri muda wote ikatudanganya.

Kilichouchomoa ni kirikuu tuliyohamia nayo, nina hakika. Mashine ililala chini ya magodoro, na unayajua matuta ya barabara zetu.

Kuulegeza huo mguu unazungusha kichwa chake kinyume cha saa, kufuata mshale uliochorwa, kisha unavuta juu. Tulipolibandua bonge tukakuta ile pesti ya kijivu, inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye bonge, imekauka, imekuwa kama ukoko wa ugali. Tukaifuta kwa pamba na spiriti ya duka la dawa, prosesa na bonge vyote, mpaka vikang'aa. Pesti mpya ni tone moja katikati, kama punje ya choroko. Usipake kama siagi! Ikizidi inafoka pembeni. Kisha rudisha vichwa vya miguu mahali pake, panga kucha kwenye matundu, na ubonyeze kwa kukingama: wa juu kushoto, wa chini kulia, ndiyo ufuate miwili iliyobaki. Kila mmoja utasikia "ta!" Usiposikia, haujaingia, hata kama unaonekana umeingia. Utaogopa, maana mazabodi inapinda kidogo. Na mimi niliogopa. Waya wa feni usisahau kuurudisha.

Tukaingia tena Bayosi. Arobaini na mbili. Arobaini na nne. Ikabaki hapo dakika kumi, na chumba chenyewe kinatutoa jasho. Mtihani nikauchapa usiku ule.

Sasa ya kwako. Tulizinunua siku moja, zimeungwa na mkono mmoja, feni ni zile zile, na wewe umeihamisha kutoka Iringa juu ya lori. Ila baridi yenu inaweza kuwa inakuficha: huku bila kutulia bonge sawasawa haifiki dakika, huko yaweza kukaa dakika tano ukadhani ni kirusi. Ndiyo maana nakusisitizia kupima mara tatu mfululizo, ya asubuhi peke yake itakudanganya.

Wakati umeifungua, mulika na zile kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye mazabodi. Vichwa vyake viwe bapa. Ukiona kimoja kimevimba kama chapati inayopanda, au kimevuja, basi fundi wako atakuwa na hoja, mwambie akubadilishie hicho, si lazima mazabodi nzima. Pawa saplai lakini usiifungue hata kama nati zake zinakuita. Inabaki na umeme ndani hata ikiwa imechomolewa, na mimi sitaki kusafiri hadi Mbeya kwa msiba. Azima nyingine kwa mtu, jaribia.

Na picha za harusi ya dada yako usizililie. Hata mazabodi ikifa kweli, ziko kwenye diski, na diski inachomolewa ikasomwa kwenye mashine nyingine.

Pesti iliyobaki nimempa mpwa wangu anayekuja huko Ijumaa. Imo kwenye kibomba kama cha sindano, asije akadhani ni dawa. Akirudi mfungie kilo tano za mchele wa Kyela, mama ameshaanza kuutaja. Na nitumie namba zako tatu leo usiku, hata kabla hujaifungua.

Somo yako,
Zuhura