Mboga za Februari Huanikwa Desemba

Nakuru, mwanzoni mwa Desemba

Mwanangu,

Salamu kutoka nyumbani. Baba yako hajambo, ng'ombe hajambo, na mimi pia sijambo, ila mgongo, nao ni wa siku zote. Picha ulizotuma nimeziona na kila aliyepita hapa kibarazani nimemwonyesha. Kunde zimejaa hadi ukutani, nyanya zimelala chini kwa uzito, nawe unaniuliza ugawie majirani au utupe. Gawa, ndiyo. Jirani utamhitaji siku stima ikipotea nawe huna hata kiberiti. Lakini usitupe. Mvua za vuli zinakwisha, na kutoka sasa hadi Machi jua litakuwa jua kweli. Mama wa pale soko la Kibuye, huko Kisumu kwenu, anayekuongezea leo bila kuombwa, Februari atakufungia kifungu cha kushikwa na vidole viwili, na ukimwomba nyongeza atakutazama tu.

Nianze na zile video ulizoniletea, za watu wanaojaza mboga za majani kwenye chupa za kioo na kuzipanga kabatini. Nianze nazo kwa sababu ndizo zinazoweza kukuua. Udongoni kuna kijidudu kiitwacho Clostridium botulinum. Mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka. Zinataka joto la nyuzi 121, ambalo sufuria ya kawaida haifiki hata ukiongeza kuni. Ukizifungia ndani ya chupa isiyo na hewa pamoja na mboga isiyo na uchachu, huamka zikatoa sumu. Chupa inaweza kukaa kabatini ikiwa safi machoni, haina harufu mbaya, na ndani mna sumu inayolegeza misuli mpaka ile ya kupumua. Hao wa kwenye video wana mtungi maalumu wa presha wenye kipimo, uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Sufuria yako ya presha ya kupikia maharagwe siyo huo. Kwa hiyo kunde, sukuma, mahindi mabichi na mishiri usivitie chupani. Hilo sitaki tujadiliane.

Na sisi wa huku juu tuko pabaya zaidi. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, maji yanachemka yakifika nyuzi 94 hivi. Kisumu mko kwenye mita 1,130, yenu yanachemka karibu nyuzi 96. Ndiyo maana ulinipigia simu kwa furaha kwamba maharagwe yako yanaiva upesi, ukadhani umejua kupika.

Nyanya zina njia yake, kwa kuwa zina uchachu wa kuzaliwa nao. Ila uchachu huo uko mpakani, na nyanya iliyoiva kupita kiasi hupungukiwa. Kama umeshikilia chupa, ponda nyanya zilizomenywa, zichemshe, halafu kila chupa ya karibu lita moja itie kwanza vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau, yale ya dukani, kwa sababu ukali wake haubadilikibadiliki kama wa limau la mtini. Jaza nyanya zingali moto, acha nafasi kidogo juu, funga kwa kifuniko kipya, uzizamishe chupa nzima ndani ya maji yanayochemka. Kwa Kisumu ni dakika 55. Ukija kufanyia hapa kwetu ni 60. Vifuniko vya jemu vilivyokwisha tumika wape watoto wachezee.

Mimi binafsi, kwa nyanya chache kama zako, singejisumbua. Ningezikata vipande vyembamba, nizinyunyizie chumvi, nizianike chini ya chandarua mpaka zikunjike kama ngozi bila tone la maji ndani. Kisumu mna jua la kazi hiyo, sisi huku asubuhi ni ukungu wa Menengai. Zitakazobaki zipike mchuzi mzito uule wiki hiyo hiyo.

Sasa kunde, ambazo ndizo mali yako hasa.

Kukausha kunaanza unapochuma. Chuma asubuhi umande ukishakauka, majani machanga, kabla mmea haujaanza kutoa maua. Jani lililokomaa hata likikaushwa vizuri namna gani, ukilipika litakuwa na nyuzi, na utalaumu mkebe. Ondoa vikonyo vinene. Osha kwanza kisha ndiyo ukate, ukitaka kukata. Ukikata kabla ya kuosha, kizuri chote kinaondoka na maji ya karai.

Halafu bandika sufuria kubwa, maji yachemke kwa nguvu, tia chumvi kidogo. Funga majani kwenye kitambaa chepesi, uyazamishe dakika mbili, zisizidi tatu, uyatoe na kuyatumbukiza kwenye maji baridi, kisha uache yachuruzike. Najua utataka kuruka hatua hii, maana wewe ni mwana wa baba yako. Usiiruke. Ndani ya jani mna vimeng'enya ambavyo havisimami kufanya kazi kwa sababu tu jani limechumwa, hata limekauka. Vinaendelea kula rangi na vitamini humo humo ndani ya mkebe, na ukija kufungua Februari unakuta kitu cha kahawia kinachonuka nyasi za ng'ombe. Maji ya moto ndiyo yanayovizima.

Kisha tandaza. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Mama yangu kule Vihiga alianika kunde juu ya mawe makubwa, jua la utosi likizipiga, na alikula nazo kiangazi kizima, kwa hiyo sitamsema vibaya. Lakini jua kali linaondoa vitamini A, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kula mboga za majani. Weka kivulini penye upepo. Wavu uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao unafaa kuliko bati, kwa kuwa hewa inapita juu na chini. Uinue kutoka ardhini usawa wa kiuno, juu yake chandarua kwa ajili ya nzi, miguu ya meza ndani ya mikebe ya maji kwa ajili ya siafu. Tandaza nyembamba, ugeuze mara kwa mara. Usiku ingiza ndani bila kukosa, kwani unyevu wa ziwa hautakuuliza kama ulikuwa umechoka. Na kwa kuwa huko mvua hupenda kuja alasiri hata wakati haijaalikwa, mwombe mwenye nyumba akutunzie siku ukiwa kazini, umlipe kwa mboga.

Utajua zimekauka ukilikunja jani likavunjika mkononi kama majani ya chai. Likipinda tu, rudisha. Usishtuke ukiona kilo kumi ulizochuma zimebaki moja na kidogo, kilichoondoka ni maji. Tia kwenye mkebe wenye kifuniko kinachokaza, weka mahali penye giza, andika tarehe. Baada ya wiki moja fungua uangalie chini ya kifuniko. Ukiona jasho, toa zote uanike tena siku hiyo hiyo, kabla ya ukungu. Ukiona ukungu tayari, tupa zote, usichague.

Kuzipika si kazi. Loweka kwa maji ya uvuguvugu nusu saa, chemsha na maji hayo hayo, kaanga kitunguu, kisha tia njugu zilizopondwa au simsim. Watu wa upande wa baba yako watakwambia mboga kavu ni chakula cha njaa. Waulize kama wanakumbuka Karatina. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni iliweka kiwanda pale cha kukausha mboga za kuwalisha wanajeshi, na wakulima wa kwao ndio walioleta hizo mboga. Vita vilipokwisha kiwanda kikafungwa, nao wakaacha. Sisi wa magharibi hatukungoja kiwanda.

Mrenda nao unakauka vizuri, tena hauhitaji maji ya moto. Kaushia kivulini, usage uwe unga, na kijiko kimoja kikiingia kwenye maji utelezi wote unarudi. Mboga ya saga (mgagani) na managu (mnavu) mimi sikaushi. Watu hukausha, ndiyo, lakini uchungu hubaki na utamu huondoka. Hizo zichemshe, mwaga maji ya kwanza, tia maziwa, uzipashe kila siku zichemke kabisa. Siku ya tatu ndipo zinapokuwa chakula cha mgeni. Sukuma iliyokaushwa sijawahi kuipenda. Sukuma iache shambani.

Maana kiangazi si ruhusa ya kufunga shamba. Udongo wako ni ule mweusi wa mfinyanzi unaopasuka, nimeuona pembeni mwa picha. Usiuache wazi. Weka matandazo ya nyasi kavu unene wa kiganja, usigusishe shina. Vitanda vya kiangazi vishushe chini ya usawa wa ardhi ili kila tone ulilomwaga likae hapo. Vile vya kuinuliwa ni vya masika. Mwagilia jioni, kwa wingi na kwa kuruka siku, si kijiko kila asubuhi. Maji ya kuoshea mboga na mchele yote yaende huko. Ukiwa na gunia, lijaze udongo na samadi, katikati panga mawe madogo kutoka chini hadi juu ili maji yafike chini, utoboe ubavuni upande sukuma. Gunia moja mlangoni linamtosha kijana asiye na mke. (Sijasema neno.)

Mahali nyanya zilipotoka usipande managu, wala biringanya, wala viazi. Wote ni ukoo mmoja, na ugonjwa wa mnyauko unaokaa udongoni huwapitia mmoja baada ya mwingine, hasa kwenye udongo wa joto kama wenu. Mche wa nyanya ukinyauka ghafla ungali kijani, kata shina ulisimamishe kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi wa maziwa unashuka, ng'oa wote uchome, na pahali hapo uweke kunde. Kunde zitautengenezea udongo naitrojeni bila kukudai.

Mbegu usinunue. Chagua saga mbili tatu zenye majani mengi, zile zilizochelewa kutoa maua, uziache hadi vitumba vigeuke manjano, uvikate kabla havijapasuka. Mbegu mpya ya saga huwa imelala. Ukiipanda mwezi ujao utaona chache zimeota, ulaani ardhi bure. Iweke miezi mitano hivi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, ambaye alifundisha hapo Maseno kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, ametumia miaka mingi akizitafiti mboga hizi ambazo shuleni tulikuwa tunachekwa tukizibeba. Siku hizi zinauzwa kwenye supamaketi, zimefungwa kwenye plastiki, kwa bei ya nyama.

Mzigo wako nimeupeleka stendi, utafika kesho alasiri. Ndani kuna wavu, chandarua cha zamani, mikebe minne ya maziwa ya unga, na mbegu za saga za mwaka jana kwenye bahasha. Chini kabisa kuna mfuko wa majivu. Hayo ni ya kuchanganya na punje za kunde utakazoweka za kupanda, kiasi sawa kwa sawa, ili fukusi wasizitoboe. Mwambie dereva mapema kwamba ni majivu, maana huyo wa mwisho aliyemwaga alidhani nimemfanyia uchawi. Mikebe nirudishie Krismasi, hata ikiwa mitupu.

Mama yako