Nimefika Kwa Baba, Agnes

Korogwe, Jumapili jioni

Shoga yangu Agnes,

Salamu nyingi sana. Sisi huku hatujambo, ni magoti tu ndiyo yananikumbusha umri. Mguu wako unaendeleaje? Dada yako aliniambia pale msibani kuwa daktari amekukataza safari ndefu, ndiyo maana hukuja kumzika nyapara wetu. Pole, lakini umekosa mengi. Watoto wa kambi ya mkonge tulijaa, wengine sikuwatia machoni tangu tuvue sare za shule ya msingi. Unamkumbuka yule mtundu wa kambi ya Wangoni aliyekuwa akiiba maembe ya meneja? Ndiye shehe sasa! Ndiye aliyesoma dua, na mimi nimejifunika mtandio mdomoni nisionekane nacheka.

Ningekupigia simu, ila mambo haya hayaelezeki kwa simu. Tafuta miwani yako, ukae.

Nimefika kwa baba, Agnes. Nimefika Kasulu. Na nina kaka.

Yote yalianzia kwenye huo msiba. Bibi wa kambi ya Waha, yule aliyekuwa akiuza togwa karibu na korona, ile mashine ya kusindika mkonge, bado yu hai. Amekuwa kijibibi kidogo, ila ulimi ni ule ule. Nilipopiga magoti kumwamkia akanishika kichwa, akasema, "Huyu si wa Ntakije?" Nikamwambia, "Hapana bibi, mimi wa Juma Athumani." Akacheka mpaka akakohoa. Akaniuliza huyo Juma nilidhani alizaliwa na jina hilo?

Hapo ndipo nilipojua kwa nini miaka yote kila Mha niliyemuuliza habari za Juma Athumani wa Kasulu alikuwa akinitazama tu. Kumbe Juma ni jina alilopewa kambini aliposilimu, na Athumani ni jina la mzee aliyemsimamia siku hiyo. Karani akaandika hivyo kwenye kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, na sisi watoto tukaandikishwa shuleni kwa jina la babu ambaye ukoo wetu haukuwahi kuwa naye. Kwao baba ni Ntakije, na hakuna aliyewahi kumjua kwa jina jingine. Mama naye alikuwa Mbondei wa hapa hapa, alimkuta ameshakuwa Juma.

Nikarudi kwa bibi siku nyingine na sukari na khanga, tukakaa barazani. Alikuja safari moja na baba, yeye akimfuata mumewe. Anasema baba alikimbizwa na mambo mawili, kodi ya kichwa na deni la mahari. Alioa kwa kukopa, mkwewe akawa hampi usingizi. Basi walipopita watu wa Silabu, ile ofisi ya kuandikisha vibarua ambayo wenye mashamba ya mkonge waliianzisha 1944, akatia dole gumba, akapewa blanketi, akapanda treni Kigoma. Zamani hizo reli ya Kati na reli ya Tanga zilikuwa hazijaunganishwa. Kile kipande cha Ruvu mpaka Mnyusi kilikuja kumalizika 1963. Kwa hiyo njiani walishushwa kwenye treni wakapakiwa malori, wamesimama, mvua inanyesha, na mtu wa Kasulu hajui hata anapelekwa upande gani wa dunia.

Mengine unayajua mwenyewe, ulizaliwa humo. Tita la majani 30, kipande cha siku 30, nyapara na filimbi, na kambi zimepangwa kwa makabila: Waha huku, Wabena kule, Wamakonde ng'ambo ya reli ya trola, vile vigari vya kubebea mkonge. Wazee wetu walikata mkonge mpaka nchi hii ikawa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka miaka ile ya sitini. Kisha bei ikaanguka kwa sababu ya kamba za nailoni, mashamba mengi yakataifishwa 1967, watu wakapungua, na kambi ikabaki na sisi. Na tukiitwa watu wa kuja huwa nawajibu kwamba hata mkonge wenyewe ni wa kuja. Aliuleta Mjerumani Hindorf mwaka 1893 kutoka Marekani, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mbona hakuna anayeuuliza kwao wapi?

Bibi akanipa majina mengine mawili, la kilima na la mtware aliyekuwa akitawala pale. Nikaona haya yanatosha kukata tiketi.

Nilikwenda kwa treni makusudi, nipite alikopita. Reli ile ilifika Kigoma 1914 na bado inakwenda kwa mwendo wake wa bibi harusi. Stesheni za Tabora wanakuuzia asali dirishani, ukifika Uvinza ni chumvi. Kutoka Kigoma mjini nikapanda gari dogo mpaka Kasulu. Agnes, huko ni baridi! Mimi na khanga zangu za Korogwe nikanunua sweta la mtumba siku hiyo hiyo.

Kilima hakikujulikana. Vijana wa bodaboda walikuwa hawajalisikia jina hilo, na pale ofisini nilipouliza, kijana akatafuta kwenye orodha ya vijiji akaniambia hakipo. Na kweli hakipo. Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja muuza mawese sokoni. Nilipotaja jina la mtware akaweka chini funeli yake, akasema, "Hao walishushwa."

Ni Operesheni Kigoma, mwaka 1972. Zamani watu wa huko walikaa mbalimbali, kila mji juu ya mgongo wake wa kilima na migomba yake. Serikali ikataka wakae pamoja, wapate shule na zahanati, na mwaka uliofuata Mwalimu akatangaza kuwa nchi nzima ihamie vijijini ifikapo 1976. Wakateremshwa barabarani. Kaka yangu alikuwa kijana, anasema waliosuasua waliezuliwa paa na mvua zimekaribia. Machifu walikuwa wameshaondolewa 1963, na vilima navyo vikabaki mahame. Ndiyo maana mwenzangu unayetafuta kwenu kwa jina la kijiji cha sasa unaweza kuzunguka mpaka viatu viishe. Jina alilokuwa nalo baba kichwani lilikwisha kufutwa kabla sisi hatujamaliza shule. Kaka lakini halalamiki kama nilivyotarajia. Anasema bila ile barabara wanawe wasingesoma, ila mama yake hakuizoea nyumba ya barabarani mpaka alipokufa.

Sasa nikuambie tulivyoonana, maana hapo ndipo penyewe.

Muuza mawese alinipeleka mwenyewe. Tulikuta uani mihogo imeanikwa, na bibi kizee kakaa kwenye mkeka, huyo ndiye shangazi. Waha kwa salamu usiwaguse. Mwakeye, na makofi, na kuinama, na mwakeye tena, unaulizwa habari za watu wa nyumbani mmoja mmoja mpaka unasahau ulichojia. Muuza mawese akatafsiri kuwa huyu anasema ni mtoto wa Ntakije aliyekwenda mkonge. Makofi yakakatika.

Binamu mmoja, bwana wa makamo mwenye kofia, akawa wa kwanza kusema, na alisema kwa Kiswahili ili nisikie vizuri: "Umefuata shamba?"

Sikumlaumu. Kwao Ntakije ni marehemu wa zamani. Walingoja wee, walipochoka wakakaa matanga bila maiti, wakagawana. Palipokuwa pake pana mihogo ya watu zaidi ya miaka 40, halafu anatokea mwanamke na sweta jipya anasema yeye ni wa ukoo. Hata wewe ungeuliza. Nikamwambia mimi nina nyumba yangu Korogwe na shamba la machungwa Muheza linalonitosha, nimekuja kuonana. Akanitazama viatu.

Ndipo shangazi akanyoosha mkono, akasema neno kwa Kiha, na yule mzee akatafsiri: "Anauliza, kidole chake kilinyooka?"

Unakikumbuka kile kidole, Agnes? Cha mwisho, mkono wa kushoto, alivyokuwa akishika kikombe cha chai kimetokeza nje kama mzungu. Sote kambini tulijua kuwa korona ndiyo iliyokipinda, tena wewe ulikuwa ukiwatishia wadogo zako wasisogelee mashine. Uongo mtupu! Alikiunguza utotoni, alipojaribu kutoa kiazi motoni, na huyu huyu shangazi ndiye aliyekuwa amepewa kazi ya kumwangalia. Alichapwa kwa ajili ya kidole hicho. Nikamwambia hapana shangazi, hakikunyooka mpaka tunamzika. Akalia kwa sauti, na mimi nikalia, na bwana kofia akaenda kunitafutia kiti.

Kaka aliitwa shambani. Alizaliwa miezi michache baada ya baba kuondoka, ana miaka 70 na kitu sasa, na kumtazama ni kama kumtazama baba siku ya mshahara: mgongo wima, maneno machache. Hakunikumbatia. Alikaa mbali kidogo, akafuta jembe kwa majani, kisha akasema baba yetu alikuwa akila wali Tanga huku yeye analelewa na wajomba. Nilitaka kumtetea baba, nikanyamaza kwanza. Baadaye usiku nikamweleza habari za posho ya unga na maharage, na chumba kimoja cha kambi, na mwezi usiojaza kipande. Kwa nini hakurudi? Mimi naona aliona aibu kurudi mikono mitupu na deni la mahari liko pale pale, halafu miaka ikapita, halafu akatupata sisi. Kaka akasema mtu anaweza kurudi mikono mitupu. Hatukukubaliana, na sidhani kama tutakubaliana, lakini asubuhi alinipandisha kilimani kunionyesha mahame. Pana mti mkubwa wa jamii ya mkuyu uliokuwa kwenye uzio wa babu, na mawe ya kusagia yamezama nusu. Akaniokotea kipande cha chungu, nikakirudisha pale pale, si changu.

Siku ya kuondoka akaniuliza baba amezikwa wapi. Anataka kuja kusoma dua.

Agnes, kabla sijafika kwenye shida yangu, nikuambie na yako. Katika haya yote sikusaidiwa na karatasi hata moja. Nimesaidiwa na muuza togwa aliyekuwa jirani wa baba. Watu wa kambi ndio walioshuka nao lori moja, wanajua nani aliitwa nani kabla karani hajashika kalamu. Bibi anasema mzee aliyekuja lori moja na baba yako kutoka Njombe yupo Ngomeni, kwa mjukuu wake. Amepita miaka 90 na anasikia kwa sikio moja. Mtume kijana wako aende hata wiki hii, na amuulize jina la baba yako la Kibena, na wa kilima gani, chini ya chifu gani. Lile la ubatizo halitakufikisha popote. Najua si kila mtu anataka. Wapo wenzetu tuliokuwa tukiwaita Waha kumbe kwao ni ng'ambo, Burundi, na watoto wao wameniambia wazi kuwa hawachokonoi, wasije wakaulizwa uraia. Siwalazimishi. Lakini wewe umekuwa ukiuliza tangu tuko wadogo.

Sasa shida yangu. Kaka atakuja baada ya mavuno, na mimi sina hakika ya kaburi. Nilikwenda juzi: ile sehemu imeota vichaka, mkonge mpya umepandwa mpaka ukingoni, na reli ya trola iliyokuwa ikigawa makaburi ya Waislamu na ya Wakristo imeng'olewa, vyuma vimeuzwa zamani. Mwembe upo. Mama yako alizikwa mwaka ule ule aliozikwa baba, na wewe ulikuwa ukienda kufyeka kila Pasaka, mimi nilikuwa nimeshaolewa mbali. Niandikie: ukisimama kwenye mwembe unatazama korona, trola ilipita kulia au kushoto? Na lile jiwe jeupe tuliloweka kwa baba lilikuwa hatua ngapi kutoka kwenye msalaba wa mama? Nichoree hata kwa kalamu ya risasi. Meneja amekubali tusafishe, ila anataka tumwonyeshe mipaka.

Na mguu ukiruhusu, njoo mwenyewe. Chumba kipo, na kitanda hakiko juu.

Ni mimi shoga yako,
Mwanaidi

Nimekuwekea chupa mbili za mawese ya Kigoma, nimempa kondakta yule wa basi la asubuhi, ukazichukue stendi. Upikie maharage, usimpe dada yako, atakuambia yana harufu.