Risala ya Timu ya Familia Yetu ya Mbio za Magari kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwenyekiti wa chama chetu cha mbio za magari za ridhaa, maafisa wa ukaguzi na wa saa, wazee wetu, madereva wenzetu, na majirani mliovumilia ngurumo za injini zetu tangu alfajiri: hamjambo nyote?

Kwa niaba ya baba, ambaye ndiye mwanzilishi wa timu hii lakini amekataa katakata kusimama mbele ya kipaza sauti, nimepewa heshima ya kusoma risala hii. Mimi ni binti yake wa pili, na kazi yangu katika timu ni kupima upepo wa magurudumu na kuandika saa. Tumeombwa tueleze historia ya timu yetu katika mbio za mzunguko wa vumbi, ambazo wengi wenu mnazijua kwa jina la otokrosi, nasi tutaieleza jinsi ilivyokuwa, pamoja na pale tulipokosea.

Mheshimiwa, baba alilelewa kando ya barabara ambayo magari ya Safari Rally yalikuwa yakipita kila Pasaka. Mashindano hayo yalianza mwaka wa 1953, yakiwa ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na katika miaka ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baba alikuwa mtoto mdogo mwaka wa 1974, mvua ilipozigeuza njia kuwa tope tupu, na Joginder Singh akashinda akiwa na Mitsubishi Lancer. Kilichomnasa baba hakikuwa mwendo wa gari. Wazee waliokuwa wamesimama naye chini ya mwamvuli mmoja walimwambia kwamba yule mtu waliyemwita Simba alikuwa fundi, tena mwana wa fundi, na kwamba mwaka wa 1965 yeye na nduguye Jaswant walikuwa wameshinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na wengine, ambayo waliitengeneza upya wenyewe. Baba husema kwamba tangu siku hiyo aliacha kuuliza ni nani anayeendesha, akaanza kuuliza ni nani aliyekaza nati. Simba aliposhinda kwa mara ya tatu mwaka wa 1976, baba alikwisha kuwa na spana yake ya kwanza, ingawa hakuwa na gari la kuifungulia.

Wala si ukoo wa Singh peke yake. Vic Preston alishinda Safari mwaka wa 1954 na 1955, na mwanawe mwenye jina hilohilo akashika nafasi ya pili mwaka wa 1978 akiwa na Porsche. Kwa hiyo mtu akituuliza, kama tunavyoulizwa mara nyingi, ni wazimu gani huu wa kuingiza familia nzima ndani ya gari moja, huwa tunamjibu kwamba wazimu huo hatukuuanzisha sisi.

Hata hivyo hatukuwahi kushiriki Safari, na hatudai kwamba tungeweza. Mbio za njia ndefu zinahitaji msoma ramani, magari ya huduma, na siku kadhaa za kuiacha kazi. Otokrosi inahitaji uwanja ulio wazi, mzunguko uliochongwa kwenye udongo, lori la maji la kutuliza vumbi, na jua lisizame kabla ya mkondo wa mwisho. Dereva yuko peke yake ndani ya gari na anashindana na saa zaidi kuliko anavyoshindana na aliye kando yake. Jioni mtu anarudi nyumbani, na kesho yake, Jumatatu, gereji inafunguliwa kama kawaida. Ndiyo maana mchezo huu uliwafaa watu kama sisi, na ndiyo maana viwanja kama vile vya Jamhuri Park jijini Nairobi na Stoni Athi vimekuwa kwetu kama nyumba ya pili.

Gari letu la kwanza lilikuwa Datsun 1200, lenye injini ya sentimita za ujazo 1,171 na nguvu zake zote kwenye magurudumu ya nyuma. Mteja mmoja alikuwa ameliacha gerejini kwa sababu gharama ya kulitengeneza ilizidi bei yake, na baada ya kusubiriwa muda mrefu akakubali kumwachia baba kwa deni alilokuwa akidaiwa. Tulitoa viti vya nyuma, mazulia, vioo vya milango na kila kisichohitajika, kisha baba mdogo, ambaye ni mchomeleaji wa mageti na madirisha, akatengeneza ndani yake kizimba cha mabomba ya chuma cha kumkinga dereva gari likipinduka. Difu nayo, ile gia iliyo kati ya magurudumu ya nyuma, akaichomelea isigawanye tena mzunguko baina ya magurudumu mawili. Jambo hili ninaomba nilieleze kidogo, kwa kuwa ndilo lililotupa ushindi wetu wa kwanza. Difu ya kawaida huruhusu gurudumu moja lizunguke haraka kuliko lingine, jambo ambalo ni jema barabarani, lakini kwenye udongo gurudumu lililokosa mshiko huzunguka bure huku lenzake likikaa kimya. Difu ikichomelewa, yote mawili yanasukuma kwa pamoja. Gari linakuwa gumu kukata kona kali na tairi zinaliwa upesi, ila linatoka kwenye kona kama lililofukuzwa.

Mchango wa mama katika ufundi haujawahi kutajwa hadharani, na leo nautaja bila ruhusa yake. Vumbi la Athi ni laini kama unga, na lilikuwa likiziba kichujio cha hewa hata kabla mbio za siku hazijafika nusu. Mama ndiye aliyevua soksi zake ndefu za nailoni na kutuamuru tukivike kichujio, tuwe tunazikung'uta kila baada ya mkondo. Tulicheka sana siku ile. Soksi hizo tunazitumia mpaka leo, na nimeona katika maegesho haya timu mbili zilizotuiga.

Mama pia ndiye mwenye daftari. Katika mbio za ridhaa hakuna anayelipwa. Mshindi anapata kikombe na picha. Ada ya kuingia, petroli, tairi na vipuri vyote vinatoka mfukoni mwetu, na mfuko wetu ni gereji inayotengeneza matatu na pikapu za watu. Kwa hiyo mama aliweka sheria moja: gari la mteja hutangulia. Zimewahi kupita mbio tatu mfululizo tusionekane uwanjani kwa sababu gia boksi ya matatu fulani ilikuwa bado mezani. Kaka yangu, ambaye ndiye dereva, alinung'unika, lakini gereji bado ipo na timu bado ipo, wakati timu kadhaa zilizokuwa na magari mazuri kuliko letu hazipo tena.

Kipindi pekee tulichoiasi sheria hiyo ni pale tuliponunua Subaru Impreza. Ilitupandisha hadi daraja la magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne, yenye tabo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, tukaanza kuonekana watu wa maana, na ndani ya misimu miwili tukawa na madeni. Mimi binafsi naihesabu miaka hiyo kuwa ndiyo duni kuliko yote, ingawa kabati la vikombe linasema vingine. Subaru iliuzwa. Datsun ilikuwa bado nyuma ya gereji, chini ya turubai, na betri ilikuwa ndiyo kitu pekee tulichobadilisha ili iwake.

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, siku tuliyokosea ndiyo siku Datsun hiyo ilipopinduka mara mbili kwenye kona ya kushoto, baada ya lori la maji kupita na sehemu hiyo kuteleza. Kizimba kilistahimili na mikanda ilishika, lakini kiti kiling'oka sakafuni kikiwa na kaka ndani yake. Tulikuwa tumekifunga kwa boliti nzuri na washa nyembamba, na bati la sakafu lilichanika kama karatasi. Kaka alitoka akitembea. Baba hakusema neno njiani kurudi, na usiku huohuo alikata sakafu na kuchomelea vipande vya chuma kinene chini ya kila boliti, ili mzigo usambae. Tangu hapo kila gari linalokuja gerejini kwetu kuandaliwa kwa mbio huanza kukaguliwa chini ya kiti.

Baada ya ajali hiyo tulinunua pia kifaa cha kukinga shingo kinachoitwa HANS. Kilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Robert Hubbard, profesa wa Chuo Kikuu cha Michigan State huko Marekani, pamoja na shemeji yake Jim Downing, dereva wa mbio, baada ya rafiki yao kufariki kwenye ajali. Formula 1 ilikifanya cha lazima mwaka wa 2003. Baba alipojua kwamba ni kazi ya mtu na shemeji yake, alisema bei yake haimuumi tena.

Ombi letu ni hili. Vifaa hivi huagizwa kutoka nje, na mikanda yenye nembo ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, huisha muda wake mwishoni mwa mwaka wa tano baada ya kutengenezwa, hata kama haijawahi kuvuta kitu. Familia changa haziwezi kuibadilisha kila mara, na matokeo yake ni watoto kufungwa mikanda iliyochoka. Tunakuomba utusaidie kupata seti chache zitakazomilikiwa na chama, ziazimwe siku ya mbio na kurudishwa jioni. Timu yetu imejitolea kuzitunza na kuzikagua bila malipo, na daftari lake litashikwa na mama.

La mwisho, Mheshimiwa, ni ombi dogo. Mjukuu wa baba anaingia leo kwa mara ya kwanza katika daraja la watoto, na mkondo wake ndio unaofuata. Kiti chake kimekaguliwa mara tatu. Tungefurahi kama ungekubali kushika bendera ya kuanzisha.

Tunaomba kuwasilisha.