"Ni mchezo tu" si jibu

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini makala mliyoitoa wiki iliyopita kuhusu tabia za wachezaji wa michezo ya kunusurika mtandaoni imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu alidai kwamba anayelalamika kuuawa humo hajauelewa mchezo. Mimi nilianza na DayZ, mchezo wa kompyuta ambamo wachezaji hutafuta chakula na silaha ili wasife, mwaka 2012, ilipokuwa bado nyongeza ya mchezo wa vita uitwao Arma 2, na sijawahi kulalamikia kuuawa. Ninalolalamikia ni usaliti.

Miezi miwili iliyopita, humo mchezoni, nilimkuta mchezaji akitambaa kando ya barabara huku akivuja damu. Aliniomba msaada kwa kipaza sauti, sauti ikimtetemeka, akasema ni siku yake ya kwanza. Nilikuwa na bandeji moja tu. Niliweka bunduki chini ili asiniogope, nikamfunga jeraha, nikampa kopo la chakula na nusu chupa ya maji, kisha nikampeleka kisimani. Nilipoinama kuchota maji, akaiokota bunduki yangu na kunipiga risasi ya kisogo, na kabla kioo hakijawa cheusi nikasikia vicheko vya watu watatu. Kumbe wenzake walikuwa wamejibanza kichakani, na jeraha lile walimtia wao wenyewe ili liwe chambo. Katika michezo hii anayekufa hupoteza kila alichobeba, nami nilipoteza vitu vya jioni nne, lakini hivyo sivililii. Kinachoniuma ni kwamba siku tatu baadaye nilimkuta mwingine akivuja damu, akiomba kwa maneno yale yale, nikampita. Huenda yeye alikuwa mkweli. Mwandishi wenu aniambie ni kanuni gani ya mchezo iliyowaruhusu wale watatu kumnyima huyo bandeji yake.

Na kama ni mchezo tu, mbona matusi si ya mchezo? Sauti ya mtoto au ya mwanamke ikisikika tu, watu wazima humshukia kwa maneno ambayo wasingethubutu kuyatamka mbele ya mama zao. Hapo hatukanwi mhusika wa kuchorwa, anatukanwa mtu aliyevaa vipokea sauti masikioni, na wengi huzima kipaza sauti wasikiwashe tena. Seva, yaani uwanja wa mtandaoni tunamochezea pamoja, ikishakuwa ya mabubu, kila anayeonekana hupigwa risasi kwa kuwa hakuna njia ya kujua nia yake, kisha tunaambiwa kwamba ndivyo binadamu walivyo.

Waundaji wanaweza kufanya jambo. DayZ ile ya mwanzo ilikuwa na hesabu ya utu: aliyewaua wasio na hatia alipunguziwa, aliyewatibu wengine aliongezewa, na utu wa mtu ukishuka mno sura yake ilibadilika ikawa ya jambazi, kila mtu akamwona kwa mbali. Irudishwe, ila ihesabu kosa moja tu. Atakayemuua mchezaji aliyemfunga jeraha au kumlisha ndani ya saa moja iliyotangulia, avikwe kitambaa cha njano mkononi kisichovulika kwa siku 7, na katika siku hizo bandeji ya mtu mwingine isimshike.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi