Shukrani kwa kaka wa ndoo za rangi

Kaka uliyetuletea ndoo tupu za rangi pale shuleni ukaondoka bila kutaja jina, popote ulipo, asante sana. Mimi ndiye mwalimu wa Darasa la Tatu.

Ndoo zile za lita 20 ulizisugua hadi harufu ya rangi ikaisha. Kwa hilo tu ningekushukuru. Lakini ulikaa nasi kipindi kizima ukiwafundisha watoto kuzipiga kama ngoma, na ndicho ninachotaka watu wakijue. Hukuanza na vijiti. Watoto walipiga mapaja kwanza, wakihesabu moja hadi nne kwa sauti, mpaka darasa zima likaenda pamoja. Ndipo ukawagawia vijiti ulivyokata kwenye mipini ya mifagio, ukawaonyesha kwamba katikati ya kitako ndoo hutoa mlio mzito, na ukingoni mlio mkali. Kuna binti mmoja mkimya sana. Ulimwambia aiinue ndoo kidogo kwa mguu ili sauti ipate pa kutokea. Mlio ulipofunguka, alicheka! Sikuwahi kumsikia akicheka darasani.

Na ile ishara ya kukutanisha vijiti juu ya kichwa ili wote wanyamaze, walimu wenzangu, iigeni. Bila hiyo, darasa la ndoo halifundishiki.

Sasa tunapiga kila Ijumaa, na jedwali la kuzidisha wanaliimba kwa mdundo huohuo.

Mungu akuzidishie, kaka. Ukipita tena mtaani kwetu, ingia. Watoto wanakuulizia.