Hesabu ya tribble kwa chemsha bongo ya Jumamosi

Sinza, Dar es Salaam
Jumatano jioni

Ndugu yangu Shabani,

Salaam nyingi wewe na wote hapo Mbagala. Ujumbe nimeupata, kwamba Jumamosi unaendesha chemsha bongo ya Star Trek, ile tamthilia ya Marekani ya safari za anga za juu, juu ya kipindi cha 1967 chenye tribble, vile vinyama vya manyoya vinavyozaana kupita kiasi. Nianze na ile hesabu ya tribble 1,771,561 anayoitoa Spock, maana hapo ndipo ukumbi utakapochafuka Jumamosi usipojiandaa.

Spock, ofisa wa sayansi kwenye meli ya nahodha Kirk, habahatishi. Anataja masharti yake palepale kwenye ghala la nafaka: tribble mmoja, anazaa wastani wa watoto kumi, kizazi kipya kila baada ya saa 12, kwa muda wa siku tatu. Siku tatu ni saa 72, kwa hiyo vizazi ni sita. Wengi watazidisha kwa kumi mara sita, wapate milioni moja kamili, kisha wakushikie bango kwamba Spock kakosea. Wamemsahau mama. Akishazaa kumi na yeye bado yupo, kwa hiyo kila zamu unazidisha kwa 11. Andika ubaoni waione inavyopanda: 11, 121, 1,331, 14,641, 161,051, 1,771,561. Kelele zitaisha.

Ila kuna mjanja atakayeuliza la zaidi, na huyo mpe pointi ya nyongeza. Hesabu hiyo inadai hakuna aliyekufa hata mmoja, na kwamba kila mtoto anazaa zamu yake ikifika. La kuzaa McCoy, daktari wa meli, ameshalimaliza mapema aliposema hawa wadudu huzaliwa na mimba tayari. La kufa ndilo lina mgogoro, kwa sababu wale wanaommwagikia Kirk anapofungua ghala wengi wao ni maiti. Nafaka imetiwa sumu, na ndivyo inavyogundulika. Yeyote aliyewahi kufungua stoo ya mahindi Tandale akakuta panya wamelala chali juu ya magunia hahitaji kuelezwa. Kwa hiyo jibu sahihi ni kwamba Spock amehesabu waliozaliwa, si walio hai. Sema hivyo na usirudi nyuma.

Baada ya hapo simamisha picha pale mlango wa ghala unapofunguka. Mzigo unashuka wote, Kirk anazama hadi kifuani, halafu tribble mmojammoja wanaendelea kumdondokea kichwani wakati yeye anaongea kwa hasira. Mwaka 1967 sababu ilikuwa ya kawaida kabisa: watu wa studio walikuwa juu wanarusha, nao hawakuwa wanaona vizuri ni lini pametosha. Kwenye hadithi lilibaki pengo. Tribble aliyekufa hajirushi. Pengo hilo lilizibwa miaka 29 baadaye, kwenye kipindi cha Novemba 1996 cha Deep Space Nine, tamthilia nyingine ya Star Trek. Sisko na Dax, maofisa wa tamthilia hiyo waliorudi nyuma hadi wakati wa Kirk, wamo ndani ya ghala lilelile wanatafuta tribble aliyefichwa bomu; kila wanayemkagua wakamkuta salama wanamtupa nje, na wanaangukia kichwa cha steringi. Kwangu mimi hiki ndicho kiraka kizuri kuliko vyote walivyowahi kushona. Onyesha vipande hivyo viwili kimoja baada ya kingine, usiviache mbalimbali.

Mtego wa Sulu, rubani wa meli ya Kirk, ni mfupi: uliza anasema nini baani. Hayumo. George Takei, mwigizaji wake, alikuwa kwenye filamu ya The Green Berets, maneno yake mengi yakaenda kwa Chekov, mwenzake melini. Darvin naye, jasusi wa Waklingoni, maadui wa kina Kirk, ni Charlie Brill mwaka 1967 na ni yeyeyule mwaka 1996, kazeeka tu.

Kwenye meli ya Koloth, nahodha wa Waklingoni, uwe makini sana. Kipindi cha awali kilichorushwa Desemba 1967 hakiionyeshi hata mara moja. Meli ya kivita ya Waklingoni ilianza kuonekana sizoni ya tatu. Lakini toleo lililotengenezwa upya mwaka 2006 limeichomeka kwa kompyuta. Kama kwenye flashi yako lipo hilo toleo jipya, na wewe umeuliza "meli inaonekana au haionekani?", utagombana na watu wenye macho yao. Kagua kwanza, au taja mwaka ndani ya swali.

Paji la uso la Waklingoni litakuja tu, hata usipouliza. 1967 ni laini, kuanzia filamu ya 1979 lina matuta. Mwaka 1996 Bashir na O'Brien wa Deep Space Nine wanamkaba kwa maswali Worf, Mklingoni mwenzao kazini: ni uhandisi wa jeni? Ni virusi? Worf anawajibu kwamba hayo hawayazungumzi na watu wa nje. Vipindi viwili vya Februari 2005 vya Enterprise, tamthilia nyingine ya Star Trek, vilitoa jibu, na cha kuchekesha ni kwamba wale wawili walipatia wote: jeni zilichezewa, virusi vikasambaza.

La mwisho liwe gumu. Sisko anapomfikia Kirk mwishoni kumkabidhi karatasi asaini, picha ya Kirk imetoka kipindi gani? Watajibu cha tribble kwa sauti moja. Hapana, imetoka "Mirror, Mirror", kipindi kingine cha Kirk cha Oktoba 1967. Pale aliposimama Sisko alikuwepo mwanamke, wakamfuta.

Jambo moja la ufundi: usiweke kopi iliyotafsiriwa. Mtafsiri ataifunika kwa sauti yake ile sehemu Spock anapotaja masharti, na bila ile "wastani wa kumi" na ile "saa 12" swali la kwanza halina majibu. Weka sauti ya asili, sehemu hiyo uitafsiri mwenyewe kwa kipaza sauti.

Ubao usisahau, na chaki za akiba.

Wako,
Neema